Hereni ya Yaya na simu isiyo na tundu

Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, alivua hereni ya sikio la kushoto, akaipangusa kwenye kitenge, akaishika kwa vidole viwili. Mkono wa pili ulikuwa na iPhone 14 iliyofika kutoka Marekani juzi yake, imefungwa kwenye soksi mpya pamoja na pipi za watoto. Tuliokuwa kwenye meza ya Dokta, fundi wetu wa simu, tulisogea. Hapa Lubumbashi, Kongo, kila mtu anajua kazi ya pili ya hereni: kile kimsumari chake ndicho kinachofungua kidroo cha simkadi.

Aligeuza simu upande wa kulia. Akaigeuza upande wa kushoto. Akaangalia chini, penye tundu la chaja, kisha juu, ambako hakuna kitu.

"Mafasi ya karte iko wapi?"

Dokta aliipokea, akaizungusha mara moja tu. Hakumjibu Yaya. Aliniangalia mimi.

Jibu nilikuwa nalo tangu 2022.

Yaya akarudisha hereni sikioni.

## Jurnali

Meza ya Dokta iko katika komini ya Kenya (sehemu ya mji wetu, si ile nchi), si mbali na soko. Mwavuli mmoja, viti viwili vya plastiki na kreti za bia kwa wanaochelewa, kopo la skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Dokta anafungua simu kuanzia asubuhi. Saa kumi na moja jioni wanafika wengine: Shofa, akiwa hayuko barabarani na lori lake la Kasumbalesa, mpakani na Zambia, Yaya, akishafunika samaki wake, na mimi, ambaye sina kazi yoyote pale isipokuwa kusema.

Wananiita Jurnali, kwa sababu nasoma habari. Usiku nanunua mega za intaneti za bei nafuu, nasoma Kifaransa na Kiingereza kidogo, naangalia video za watu wanaofungua masanduku ya simu kwa kisu kidogo na mikono misafi sana. Kesho yake jioni nawapasha habari. (Hapa ninaandika Kiswahili bora ili ndugu zangu wa Arusha na Mombasa wasinichoke, lakini mezani hatusemi hivi hata kidogo.)

Ni kama mpira. Mtu anaweza kubishana juu ya mshambuliaji wa Mazembe hadi povu limtoke bila kuwahi kupiga mpira langoni. Sisi tulibishana juu ya simu ya Huawei ya 2024, Mate XT, ile inayokunjwa mara mbili ikawa kama daftari. Hakuna aliyetarajia kuinunua. Dokta alisema anayeikunja mara mbili ataileta kwake mara tatu, tukacheka, jioni ikapita.

Nilipenda kuwa Jurnali. Hiyo niiseme mapema, kwa sababu ndiko kosa lilikoanzia.

## Nilichosema

Mdogo wake Yaya anaishi Marekani. Mapema mwaka 2025 alimpigia akamwambia achague simu, atamnunulia. Yaya hakuuliza dukani. Aliniuliza mimi.

Nikamwambia: chukua 14, na uzuri wake itakuwa ya Marekani kwenyewe, si hizi zinazozunguka Dubai kwanza. Nikaongeza kile nilichokisoma, kwamba ya Marekani haina kidroo kabisa, namba inaingia ndani ya simu yenyewe, ndiyo eSIM. Nilikisema kama sifa. Nilisema hata mwizi akiiba hawezi kuchomoa kadi na kuitupa mtaroni. Hilo ni kweli, na Apple wenyewe walilitaja walipoitangaza Septemba 2022.

Yaya hakukamata neno lile. Kwake "namba inaingia ndani" ni jambo la kawaida, maana namba huwa inaingia ndani kila siku, kwa hereni.

Kisha aliuliza swali moja ambalo limenirudia wiki hizi zote. "Weye uliisha kuishika?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwahi kuishika. Nilikuwa nimeiona kwenye video, mara nyingi, kwa ukaribu, hadi nikajua mlio wa vitufe vyake. Sijui kama wakati ule nilihisi nadanganya. Nadhani sikuhisi, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko uongo wenyewe.

## Kadi tatu kwenye pindo la kitenge

Yaya ana namba tatu. Ya kwanza wateja wake wanalipia kwa M-Pesa. Ya pili ni ya kampuni nyingine, kwa ajili ya wale wanaotumia Airtel Money, na ndiyo anayopigia watu wa samaki wakavu Kasenga. Ya tatu ni ya Zambia. Kasenga iko ukingoni mwa Luapula, na ng'ambo ya mto ni Zambia. Akiwa kule anaitumia hiyo kuongea na mama mmoja wa upande wa pili ambaye amefanya naye biashara miaka mingi.

Mimi haya yote nilikuwa nayajua. Nilikaa naye miaka minne kwenye meza moja.

Alizunguka kwenye madirisha ya makampuni ya simu siku mbili, akiwa ameacha samaki kwa binti yake. Dirisha moja lilimwambia arudi baada ya wiki mbili. La pili, kijana alikuwa mpole, akamwambia ukweli kwamba yeye mwenyewe neno eSIM alilisikia kwenye mafunzo tu, akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mwingine. Ya Zambia hakuijaribu. Nani angevuka mpaka kwa ajili ya picha yenye vinukta, ile QR ya kuingizia eSIM?

Kwa hiyo iPhone ikawa kamera. Alipiga picha za samaki, akaziweka WhatsApp kwa wifi ya jirani, na picha zilikuwa nzuri kweli, tomson walioganda waking'aa kama vijiko. Fedha zilizokuja kwa sababu ya picha hizo zilipokelewa na simu yake ya zamani, itel yenye ufa.

Halafu umeme ukakatika siku mbili katika mtaa wake.

Siku ya pili nilimkuta kwenye meza ya Dokta, simu zote mbili zimezimika. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge, humo zikiwa kadi zake, kwa kuwa alizichomoa kwenye itel tangu asubuhi. Akaomba simu ya Shofa. Akavua hereni. Akatoa kadi ya Shofa, akaingiza yake, akabonyeza, akasoma salio, akamtumia mtu wa barafu hela yake, akatoa kadi, akamrudishia Shofa kila kitu kilivyokuwa. Dakika tatu hazikufika.

Nilimtazama akifunga lile fundo.

Nimemwona akifanya hivyo labda mara mia. Sijawahi kuona maana yake.

Kadi ile ilikuwa inatoka kwenye simu iliyokufa na kwenda kwenye simu ya jirani iliyo hai. Hela zake hazikai ndani ya chombo. Zinamfuata yeye kwenye pindo. eSIM haiwezi kuchomolewa na kuazimiwa simu ya jirani. Kuihamisha kunahitaji simu ile ya zamani iwe inawaka, au dirisha la kampuni, au intaneti, vile vitu vitatu ambavyo siku ile hatukuwa navyo.

Na mwizi? Kweli, mwizi hawezi kuitoa. Yaya naye hawezi.

## Najua mnachongoja

Mtu akiandika kutoka Lubumbashi juu ya simu, msomaji wa mbali hukaa akisubiri kobalti, madini ya betri. Naam, ipo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchi hii, na sehemu yake kubwa inapita kwenye barabara ya Shofa. Serikali ilisimamisha kuiuza nje tarehe 22 Februari 2025, na tangu 16 Oktoba imeruhusu tena kwa mgawo. Katikati ya hapo Shofa alikaa nyumbani kuliko alivyozoea, ndiyo maana miezi ile alikuwa na muda wa kusikiliza habari zangu.

Hatukuwahi, mezani, kuunganisha lori lake na simu zilizokuwa kwenye kopo la Dokta. Wageni wawili walipita mwaka jana na kamera, wakatuuliza tunajisikiaje kujua kwamba betri zinatoka kwetu. Shofa aliwajibu kwamba yeye angependa zirudi zikiwa zimejaa chaji.

Hilo nimelisema, tuendelee.

## Ulisema vile ulisoma

Nilimwomba Yaya msamaha. Sikungoja jioni, nilikwenda sokoni asubuhi, akiwa anapanga, nikasema kosa ni langu, na kwamba sikuwahi kuishika ile simu.

Hakuacha kupanga.

"Mudogo, si kosa yako. Ulisema vile ulisoma."

Alikuwa ananisamehe. Najua sauti yake ya kusamehe, nimeisikia akiwapa wadeni. Lakini nilirudi nyumbani na neno lile kama mfupa wa samaki kooni. Ulisema vile ulisoma. Yaani mimi ni bomba, maji yakiingia machafu yatatoka machafu.

Nilianza kukumbuka matangazo yangu ya zamani. 2016: nilitangaza iPhone 7 isiyo na tundu la spika za masikioni, nikasema waya ni mambo ya jana. 2020: nilitangaza iPhone 12 isiyo na chaja ndani ya sanduku, nikasema ni kwa ajili ya mazingira, nikiwa nimekaa kwenye kreti huku Dokta akisafisha tundu la simu lililoungua kwa chaja ya bandia. Hata alinionyesha lile tundu. Mimi niliendelea kutangaza.

Kila mara kitu kilikuwa kinaondolewa, na mimi nilikuwa nakiita hatua mbele, kwa sababu aliyeandika alikiita hivyo. Aliyeandika hakuwa mjinga wala mbaya. Alikuwa mtu mwenye namba moja, mkataba mmoja, umeme ukutani, na duka la kampuni upande wa pili wa barabara. Kwake kidroo ni tundu linaloingiza vumbi. Sentensi moja ilimtosha. Nami nilichukua sentensi yake moja nikaileta Kenya bila kuuliza ilikuwa imekaa katika nyumba ya namna gani.

Lakini hapa nami nina shaka, na sitaki kuificha. Labda mkazo huu wa kadi ni mazoea tu. Simkadi za kwanza zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1991, mia tatu, kwa ajili ya kampuni moja ya Finland. Hakuna babu yetu aliyezaliwa nazo. Zilikuwa kubwa kama kadi ya benki, zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, hadi hizi ndogo za tangu 2012, na kila mara kuna aliyelalamika, na Dokta alikuwa na mkasi wa kuzikatia, akapata hela. Kesho watoto wa Yaya hawatajua hereni ilikuwa na kazi gani nyingine.

Shofa ndiye aliyenibana kwa hilo. Alisema mimi sasa nimegeuka mchawi wa simu mpya, kila kitu nakiona kibaya. Yeye pale Kasumbalesa anabadilisha kadi kila safari, kwenye giza la kibini cha lori, na ameshaangusha mbili chini ya kiti. Moja hakuiona tena na ilikuwa na hela. Yeye eSIM anaitaka. Anataka tu kampuni zote ziwe nayo, na iwe kwenye simu ya bei anayoiweza, na kijana wa dirishani ajue ni nini.

"Basi si simu yenye kosa," akasema. "Ilitangulia tu, ikatuacha."

Sikuwa na jibu. Bado sina la kuridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba Shofa alikuwa anazungumza juu ya kibini chake na Yaya juu ya pindo lake, na mimi peke yangu pale mezani ndiye niliyekuwa nazungumza juu ya kitu ambacho hakikuwa changu.

## Herufi mbili

Dokta, ambaye hasomi habari zozote za simu, ndiye aliyenifundisha kuzisoma.

Alinionyesha kwenye mipangilio, pale penye maelezo ya simu, namba ya modeli. Ikiishia na LL/A, ilitengenezwa kwa soko la Marekani. ZA/A ni ya Hong Kong, na za huko, kwa modeli nyingi, zina kidroo cha kadi mbili, moja mgongo kwa mgongo na nyenzake. Ndizo anazozitafuta kwa wateja wake. Anajua hayo miaka yote hii. Hakuwahi kuyasema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

Ilimchukua wiki tatu kupata mtu wa kubadilishana. Mfanyabiashara mmoja, msafiri, aliyependa kamera na hakujali kidroo. Yeye alichukua 14, Yaya akapata 12 ya Hong Kong na nyongeza kidogo ya hela. Nyongeza hiyo tuliijadili sana. Mimi niliona amepunjwa, na bei za mtandaoni zilikuwa upande wangu. Yaya alisema bei za mtandaoni zije zinunue.

Kadi mbili ziko ndani. Ya Zambia bado iko kwenye pindo.

## Tarehe 9 Septemba

Apple walitangaza iPhone 17 na ile nyembamba, iPhone Air, jioni ya tarehe 9 Septemba 2025. Nilikaa macho kama kawaida. Lakini usiku ule nilisoma taratibu, na vitu ambavyo zamani ningeviruka vilinikamata mkono. Air haina kidroo popote duniani. 17 haina kidroo katika nchi kadhaa, si Marekani tu: Kanada, Japani, Meksiko, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu.

Falme za Kiarabu. Yaani Dubai, ambako simu nyingi za mji huu hupitia kabla ya kufika kwenye mikono yetu.

Nilizima simu, nikalala vibaya.

Kesho yake jioni walikuwa wote pale. Shofa alikuwa na sahani ya mishikaki kwenye goti. Wakasema haya, Jurnali, fungua. Nikaanza na Air, unene wake milimita 5.6, na Dokta akatafuta rula kwenye sanduku lake ili tuone hiyo ni kiasi gani, akatuwekea kucha ya kidole gumba penye alama. Nikataja betri yake, mAh 3,149, nikaweka pembeni yake Tecno Pova Slim iliyotoka mwezi huohuo, milimita 5.95 na betri ya mAh 5,160. Wakaanza kelele. Nani mwembamba wa kweli, nani wa uongo, Wachina wamewezaje, Wamarekani wamelala. Nilitaka kuingia kwenye kelele ile na nilijua ningefurahi sana.

Yaya alikuwa kimya, anachokonoa meno.

"Iyo nyembamba," akasema, "iko na katundu?"

"Haina, Yaya."

"Na ile ingine?"

"Ya Hong Kong sijathibitisha bado. Ya Dubai, haina."

Dokta aliacha rula. Shofa akaacha kutafuna. Kwa muda mfupi hapakuwa na mtu wa kushangilia wala wa kubisha, zikapita pikipiki tatu za mamanseba, wale wa kubeba abiria, zikipiga honi.

Yaya alishika hereni yake, akaizungusha mara moja sikioni.

"Haya," akasema. "Endelea."